Jinsi gemu ya vikosi inavyokupangia wapinzani kwenye renki: mwongozo kamili kwa anayetaka kupanda

Mnaingia lobini, chumba cha kungojea mechi, watu wanne. Kiongozi wa kikosi anabonyeza kuanza, na saa ndogo juu ya skrini inaanza kuhesabu: sekunde tano, kumi, ishirini na mbili. Mechi inafunguka, mnashuka kwenye ramani, na kabla hamjamaliza kuokota silaha mmeshafyekwa na kikosi ambacho risasi zake hazipotei. Mtu anasema kwenye maiki, "Gemu hii inatuonea." Mechi inayofuata mnashinda kirahisi hadi mnashangaa. Ya tatu mnafyekwa tena.

Nimecheza mechi za renki kwa misimu mingi, nyingi nikiwa na kikosi kilekile, na kuna jambo nimeliona likijirudia: wengi wanaokwama hawakwamishwi na kulenga vibaya. Wanakwama kwa sababu wanasoma namba isiyohusika. Wanakodolea macho beji, ilhali gemu inapowatafutia wapinzani inatazama kitu kingine. Ukishajua kitu hicho ni kipi na kinasogeaje, maamuzi mengi yanabadilika: ucheze na nani, saa ngapi, uanze lini msimu, na usiku usimame baada ya mechi ya ngapi.

Hatua ya kwanza: tenganisha renki na kiwango

Renki ni ile beji inayong'aa kando ya jina lako. Karibu kila gemu ya vikosi ina ngazi zake, kuanzia shaba, fedha na dhahabu hadi majina makubwa ya juu. PUBG Mobile inapanda kupitia Crown na Ace mpaka Conqueror. Free Fire inapita Heroic na Master hadi Grandmaster. Mobile Legends inaanzia Warrior na kufika Mythic, ambayo nayo ina ngazi zake za ndani. Beji hizi zimetengenezwa ili uzione, uzitamani, na kesho urudi kuzitafuta.

Kiwango ni kitu kingine. Ni namba ambayo gemu inaitunza yenyewe ili kukadiria uwezo wako, na gemu nyingi haziionyeshi popote. Wachezaji wengi huiita MMR, kifupi cha Kiingereza cha kiwango cha kupangia mechi. Renki ina huruma: kuna kinga zinazozuia nyota, zile alama za kupandia renki, isipotee, kuna pointi za ziada za kushinda mfululizo, kuna ngazi za chini ambazo ukishazipita hushuki tena. Kiwango hakina huruma hizo. Ukishinda kinapanda, ukipigwa kinashuka, na ukubwa wa hatua unategemea umempiga nani au umepigwa na nani.

Ndiyo maana watu wawili wenye beji ileile ya platinamu wanaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi. Mmoja amefika pale kwa mechi 400 za kusukumwa na kinga na bonasi. Mwingine amefika kwa mechi 40 na bado yuko njiani. Ukiwaona wote kwenye lobi ya wapinzani utasema "hawa ni wa kwetu", kumbe mmoja ni mpita njia anayeelekea juu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni dogo: fungua ukurasa wa takwimu zako, acha beji, andika idadi ya mechi ulizocheza msimu huu na idadi ulizoshinda. Namba hizo mbili zina habari nyingi kuliko rangi ya beji, na tutazirudia.

Hatua ya pili: elewa namba iliyofichwa inavyosogea

Mantiki hii haikuanzia kwenye simu. Ilianzia kwenye sataranji. Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alibuni mfumo ambao shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kuutumia mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaufuata mwaka 1970. Ukiweka namba za wachezaji wawili pamoja, tofauti yake inatabiri matokeo. Mkilingana, kila mmoja anatarajiwa asilimia 50. Ukimzidi mpinzani kwa pointi 100, matarajio yako ni asilimia 64. Ukimzidi kwa 200 ni asilimia 76. Kwa 400 ni asilimia 91.

Mechi ikiisha, mfumo unalinganisha kilichotabiriwa na kilichotokea. Chukua mfano: kikosi chenu kina 1500, wapinzani wana 1600, na mfumo umewekewa kipimo cha 32 kama ukomo wa pointi za mechi moja. Mnatarajiwa asilimia 36 tu. Mkishinda mnavuna pointi 20 na nusu hivi. Mkipigwa mnapoteza 11 na nusu. Sasa geuza: mkipigwa na kikosi cha 1400, mtapoteza zile 20 na nusu, na mkiwashinda mtapata 11 na nusu.

Soma tena mfano huo taratibu, maana malalamiko mengi ya lobini yanaishia hapo. Kupangiwa wakali si adhabu. Ni mechi ambayo mnabeba hasara ndogo na faida kubwa. Mechi ya kuogopa ni ile rahisi mnayoichezea ovyo.

Kuna kipande cha pili ambacho wachezaji wengi hawakijui. Mwaka 1995 Mark Glickman aliongeza kwenye wazo la Elo kipimo cha uhakika: mfumo hautunzi tu makadirio ya uwezo wako, unatunza pia ni kiasi gani unayaamini makadirio hayo. Microsoft ilipotoa TrueSkill, mfumo wake wa kukadiria uwezo, mwaka 2005 kwa ajili ya mashine yake ya gemu, Xbox 360, ilikwenda na wazo hilohilo na kulipeleka kwenye timu, hata mechi zenye timu nyingi kwa mpigo. Humo mchezaji mpya anaanza na makadirio ya 25 na wasiwasi wa takriban 8.3. Kiwango cha kuonyeshwa hupatikana kwa kutoa wasiwasi huo mara tatu, hivyo mgeni anaanzia sifuri. Anavyoendelea kucheza wasiwasi unapungua, na namba inatulia.

Kwa mchezaji wa kawaida maana yake ni hii: akaunti mpya, au akaunti iliyolala muda mrefu, inarushwa huku na huku kwa hatua kubwa. Mechi kumi au ishirini za mwanzo zina uzito kuliko zitakazofuata. Usizichezee ukiwa basini, ukiwa na usingizi, au simu ikiwa na chaji asilimia 8. Na ukiwa umeshacheza mechi 600, usitegemee usiku mmoja mzuri ubadilishe aina ya wapinzani unaokutana nao. Mfumo unaokufahamu vizuri hausogei haraka.

Hatua ya tatu: fuata kinachotokea saa inapohesabu

Mpangaji wa mechi, yaani programu ya gemu inayowakutanisha wachezaji, ana mambo matatu ya kuridhisha. Watu walingane uwezo, intaneti yao iwe nyepesi, na mtu asingoje mpaka achoke. Matatu hayo yanagombana. Ukitaka wapinzani sawasawa kabisa na wewe, utangoja. Ukitaka mechi sasa hivi, utakubali wasiolingana. Mwaka 2024 Activision ilichapisha maelezo marefu ya upangaji wa mechi wa Call of Duty, na ikaweka wazi kwamba ubora wa muunganisho ndio unaotangulia, kisha muda wa kungoja, na ndipo yanafuata mengine, uwezo ukiwemo. Wachezaji wengi hudhani uwezo ndio jambo la kwanza, na hata hao wenye gemu hawasemi hivyo.

Utafutaji wenyewe huenda hivi. Kwanza mnachujwa kwa seva na aina ya mechi, maana kikosi cha watu wanne hakiwezi kuwekwa kwenye foleni ya wawili. Kisha inaangaliwa pingi, yaani muda ambao ujumbe wa simu yako unatumia kwenda kwenye seva na kurudi; ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Kisha kiwango, na katika gemu nyingi renki nayo huwekewa mipaka, ili mtu wa shaba asikutane na wa kileleni. Mwanzoni dirisha ni jembamba. Muda unavyokwenda linapanuliwa.

Tuseme kikosi chenu kina 1500. Sekunde kumi za mwanzo mpangaji anatafuta wa kati ya 1450 na 1550. Hapati wa kutosha. Anafungua hadi 1350 na 1650. Bado. Dakika moja ikipita amefungua hadi 1200 na 1800. Namba hizi nimezitunga kukuonyesha umbo la jambo, lakini umbo lenyewe ndilo linalotawala: saa ikihesabu muda mrefu, mechi itakayofunguka huwa na watu wa kila namna. Mimi na wenzangu tuna desturi ya kusema kwa sauti muda wa kutafuta kabla mechi haijafunguka. "Sekunde kumi na mbili." "Dakika moja na nusu." Tukisikia dakika moja na nusu tunashuka mahali pa pembeni, tunaokota kwa utulivu, tunasikiliza milio kabla ya kujitokeza. Mabadiliko hayo madogo yametuokoa mara nyingi kuliko silaha yoyote.

Foleni ikikosa watu, gemu nyingi hujaza nafasi kwa roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na gemu yenyewe, hasa ngazi za chini. Fortnite ilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba inaingiza roboti pamoja na mfumo mpya wa kupanga kwa uwezo, na ikasema roboti zitapungua kadiri mchezaji anavyokuwa hodari. Roboti utaitambua: inasimama wima mahali peupe, inafyatua risasi mbili tatu kisha inatulia, haijifichi ikipigwa, haimfuati mwenzake aliyeanguka. Hazina ubaya kwa anayejifunza. Ubaya ni pale unapojipima kwazo. Ukiua kumi na watano na kumi kati yao walikuwa roboti, umeua watano.

Hatua ya nne: panga kikosi, usikikusanye tu

Hapa ndipo panapofanya au kuvunja msimu wa watu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kikosi cha wanne wenye viwango vya 1900, 1500, 1450 na 1350. Wastani wake ni 1550. Ikiwa gemu inatumia wastani, mtapangiwa wapinzani wa karibu 1550. Yule wa 1900 atawapita kwa pointi 350, atatamba. Lakini yule wa 1350 atakuwa chini yao kwa pointi 200, maana yake katika kukabiliana ana kwa ana anatarajiwa kushinda chini ya mara moja kati ya nne. Wapinzani wenye macho watamtambua ndani ya mapambano mawili, na kila shambulio litaelekezwa upande wake. Akianguka, mmoja anakwenda kumwinua, wawili wanabaki wanapigana na wanne. Namba ya wastani ilisema mechi ni sawa. Uwanjani haikuwa sawa.

Gemu nyingi zinajua hilo, kwa hiyo hazitumii wastani mtupu. Zinampa uzito zaidi mchezaji wa juu kabisa, au zinakiongezea kikosi kilichokamilika pointi za kufikirika kwa sababu watu wanaofahamiana na kuzungumza kwenye maiki wana nguvu kuliko wanne waliokutanishwa na foleni. Katika mfano wetu mnaweza kujikuta mnapigana na watu wa 1650 au zaidi, na wenzenu wawili wa chini wanakuwa wamebebeshwa mzigo usio wao.

Niliwahi kukaa msimu mzima ndani ya kosa hili. Tulikuwa na mwenzetu hodari kuliko sote, tukadhani kumwita kila usiku ni njia ya mkato. Tukiwa naye tulikuwa tunashinda vizuri mapambano ya mwanzo na kufa mwishoni, kwa sababu tukifika vikosi vitano vya mwisho wote waliobaki walikuwa wa kiwango chake, si chetu. Tulipoanza kuandika, tukagundua kwamba bila yeye nafasi yetu ya wastani ilikuwa bora. Hatukumfukuza. Tulianza kucheza naye mechi za kawaida, akitufundisha, na za renki tukazicheza tunaolingana. Baada ya wiki kadhaa viwango vyetu vilipanda na pengo likapungua, ndipo akarudi kwenye renki nasi.

Kanuni ninazofuata sasa ni hizi. Tofauti ya renki ndani ya kikosi isizidi ngazi moja na kidogo, na kama gemu inakataa kuwaunganisha watu waliopishana sana, iache ikatae, inawasaidia. Mchezaji mpya mzoesheni kwenye mechi za kawaida mpaka ajue ramani na ishara zenu. Mkiwa watatu na foleni inawapa wa nne msiyemjua, mpeni jukumu jepesi mapema: "fuata namba mbili". Kuna gemu za watu watano ambazo haziruhusu kikosi cha wanne kwenye renki, kwa sababu yule wa tano huishia kutengwa au kulaumiwa. Mkiwa wanne, tafuteni wa tano mnayemfahamu au mgawanyike wawili wawili.

Na ukicheza peke yako? Utapangiwa na wageni, lakini wapinzani nao wana wageni wao. Kwa muda mrefu bahati hiyo inasawazika. Wachezaji wenzako wabovu wanaweza kuangukia pande zote mbili, ila upande wako kuna nafasi moja ambayo haiwezi kuwa ya mbovu ukijitahidi, yaani yako. Kwa hiyo kwenye mechi ya watano dhidi ya watano wewe una nafasi nne za kubahatisha, na wapinzani wana tano.

Hatua ya tano: soma ubao wa pointi kwa hesabu sahihi

Kuna aina mbili kubwa za kuhesabu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya nyota: timu mbili, moja inashinda, nyota inapanda au inashuka. Hesabu yake ni ya moja kwa moja. Ukishinda asilimia 50 ya mechi, bila kinga wala bonasi, hutoki ulipo. Ukishinda asilimia 55, katika mechi 100 umeshinda 55 na kupigwa 45, faida ni nyota 10. Ukishinda asilimia 60, nyota hizo 10 unazipata kwa mechi 50. Asilimia tano ni nusu ya safari. Ndiyo maana haifai kudharau mambo madogo kama kuzima arifa za simu au kukubaliana mahali pa kushukia kabla ndege haijaruka. Huhitaji kuwa bora mara mbili, unahitaji mechi moja ya ziada katika kila ishirini.

Kinga ya nyota nayo isikudanganye. Ngazi za chini zimejaa kinga, kwa hiyo hata mwenye asilimia 48 anapanda. Akifika mahali kinga zinapopungua, anasimama ghafla na kusema gemu imemgeuka. Gemu haijamgeuka. Ngazi iliyokuwa inamsukuma imekwisha, na sasa anatembea kwa miguu yake.

Aina ya pili ni ya vita vya kubaki wa mwisho, ambapo vikosi vingi vinaingia pamoja. Wachezaji 100 wakiwa wanne wanne ni vikosi 25. Kikosi cha uwezo wa kati kinatarajiwa kushika nafasi ya kwanza mara moja kati ya 25, yaani asilimia 4. Kwenye mechi ya watu 50, vikosi ni kama 12, na matarajio ni asilimia 8 hivi. Nimeona vikosi vizuri vikivunjika kwa sababu vinashinda "asilimia 6 tu", kumbe kwenye vikosi 25 hiyo ni mara moja na nusu ya haki yao. Usipime kwa ushindi, ni wachache mno. Pima kwa nafasi ya wastani. Kwenye vikosi 25 katikati ni nafasi ya 13. Wastani wenu ukiwa wa 8, mnapanda, hata kama wiki nzima hamjashika nafasi ya kwanza.

Kisha angalia gemu yenu inagawaje pointi kati ya nafasi na kuua. Fungua skrini ya matokeo mechi ikiisha, usiiruke, soma mstari kwa mstari. Andika mechi tatu: moja mliyoua wengi na kufa mapema, moja mliyojificha na kufika mbali bila kuua, moja ya katikati. Linganisheni pointi. Kwa kawaida nafasi ndiyo inayobeba uzito mkubwa, na ngazi za juu adhabu ya kufa mapema inakua, kwa hiyo kushuka katikati ya mji wenye vikosi sita ni kuuza pointi kwa bei ya hasara. Lakini usiniamini mimi, iamini skrini yako.

Hatua ya sita: weka daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Daftari la karatasi linatosha. Mstari mmoja kwa mechi, hivi:

Mechi ya 14. Wanne. Kutafuta sekunde 18. Pingi 45. Nafasi ya 6. Tumekufa tukivuka wazi kuingia duara (eneo salama linalozidi kupungua).

Mechi ya 15. Wanne. Kutafuta sekunde 95. Pingi 110. Nafasi ya 19. Risasi zilichelewa, tulipigana mapema.

Mechi ya 16. Watatu na mgeni. Kutafuta sekunde 20. Pingi 48. Nafasi ya 4. Duara lilitukuta ndani.

Ona kinachojitokeza hata kwa mistari mitatu. Mechi mbaya ilikuwa na utafutaji mrefu na pingi ya juu. Huenda ni bahati mbaya. Ikijirudia mara nane katika ishirini, si bahati tena, na dawa yake si kufanya mazoezi ya kulenga. Ni kubadili saa ya kucheza au kuacha seva ya mbali.

Ila jihadhari na idadi ndogo. Mchezaji ambaye kwa haki ni wa asilimia 50, ukimchukulia mechi 20, ni kawaida kabisa kumkuta na asilimia 40 au 60. Ndani ya mechi 100 yumba hiyo inapungua hadi kati ya 45 na 55. Kwa hiyo usibadili mhusika, silaha, kikosi na mpangilio wa vitufe kwa sababu ya usiku mmoja. Badili kitu kimoja, cheza mechi 30, kisha soma.

Na kupigwa mfululizo? Kwa mtu wa asilimia 50 kamili, uwezekano wa kukutana na vipigo vitano vya mfululizo mahali fulani ndani ya mechi 50 ni takriban asilimia 55. Zaidi ya nusu. Mkono wa mtu haupo hapo, wala gemu haijakulenga. Watu husema gemu "inalazimisha" kila mtu awe asilimia 50, lakini hakuna haja ya kulazimisha: kiwango chako kikishasomwa sawasawa unapewa wanaolingana nawe, na mkilingana nusu ni yako, nusu ni yao. Unatoka kwenye nusu hiyo pale tu uwezo wako unapokua haraka kuliko makadirio yake.

Hata hivyo vipigo viwili vya mfululizo sisi vinatutosha. Mfumo haujabadilika, tuliobadilika ni sisi. Mtu aliyekasirika anashuka mahali pa hatari, anakimbilia milio, hasemi alipomwona adui. Tunapumzika dakika ishirini, tunakunywa maji, au tunacheza mechi moja ya kawaida. Cha tatu tukikipata, tunalala.

Hatua ya saba: chagua wakati

Wiki ya kwanza ya msimu ni ya vurugu. Renki zimeshushwa, na wakali wa kileleni wako njiani wakipita ngazi za kati kama maji ya mafuriko. Kama uwezo wako ni wa katikati, acha wapite. Anza renki baada ya wiki moja au mbili, wakati kila mtu amekaribia mahali pake. Kama wewe ni miongoni mwa hao wakali, anza siku ya kwanza.

Ndani ya siku, cheza saa ambazo seva yako imejaa. Watu wakiwa wengi dirisha la kutafuta halihitaji kupanuka, na utapata wanaokulingana kwa pingi nzuri. Usiku wa manane foleni ni nyembamba, na walio macho muda huo mara nyingi ni wale wanaocheza sana.

Masasisho makubwa nayo ni ya kuangalia. Silaha zikibadilishwa nguvu, kila mtu anajifunza upya kwa siku kadhaa na matokeo yanayumba. Jifunzeni kwenye mechi za kawaida kwanza.

Mambo yanayoharibu akaunti

Kukimbia mechi katikati kunapunguza alama za nidhamu, na zikishuka mno gemu inakufungia renki. Ukijua intaneti yako inakatika, usiingize wenzako.

Kumlipa mtu akupandishie renki ni kununua vipigo. Anaiacha akaunti yako na namba yake, kisha unapangiwa watu wa uwezo wake. Utapigwa mpaka namba irudi mahali pako, na hao wanaopigwa pamoja nawe njiani hawakukukosea kitu. Vivyo hivyo akaunti ya pili iliyofunguliwa ili kuwaonea wanaoanza. Mgeni anayefyekwa mara kumi siku yake ya kwanza huifuta gemu, na foleni zetu zinabaki nyembamba.

Ukikutana na anayetumia programu ya udanganyifu, ripoti ndani ya gemu mechi ikiisha na uhifadhi marudio kama yanapatikana. Usimtukane. Tusi linaweza kukufungia wewe kabla yake.

Siku za mwisho za msimu

Angalia kwanza zawadi za msimu zinatolewa kwa renki ya juu uliyowahi kufika au ile utakayomalizia. Gemu zinatofautiana, na maelezo yamo kwenye ukurasa wa msimu. Kama ni ya juu uliyofika, huna cha kulinda, endelea kucheza. Kama ni ya kumalizia, na umeshafika ulipokusudia, hamia mechi za kawaida. Kwenye ngazi zenye nafasi chache, kama Conqueror inayochukua idadi maalumu ya wachezaji wa juu kwa kila seva, ukisimama unaweza kupitwa, kwa hiyo weka akiba ya pointi mapema badala ya kusubiri usiku wa mwisho ambapo kila mtu anasukuma.

Kabla saa ya msimu haijafika sifuri, fungua ukurasa wa takwimu na unakili kwenye daftari: mechi zote, ulizoshinda, nafasi ya wastani, renki ya mwisho, na kikosi ulichocheza nacho zaidi. Gemu nyingi zikishafungua msimu mpya huziondoa namba hizo kwenye ukurasa wa mbele, na ndizo utakazohitaji kulinganisha nazo ukifikisha mechi yako ya thelathini.